Bila fimbo wala kamba: namna ya kumsaidia mwenye ulemavu ambaye tabia yake inasumbua



Katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba, upande wa Bwera na upande wa mjini Kasese, neno tunaloambiwa mara nyingi na familia zenye mtu mwenye ulemavu wa akili ni hili: "Anatusumbua." Anapiga wadogo zake. Anajigonga kichwa ukutani. Anavua nguo njiani. Anakimbia, na hatujui anakokwenda. Anapiga kelele usiku mpaka jirani anakasirika. Halafu, sauti ikishushwa, tunaambiwa neno la pili: "Basi tunamfunga." Wengine wanamfunga mguuni kwa kamba ya mbuzi. Wengine wanamfungia ndani tangu asubuhi mpaka mama arudi kutoka sokoni au kwenye kibarua cha shamba.

Karatasi hii haikuandikwa kuwashitaki wazazi hao. Mama aliyevuka Mpondwe na watoto watano, mmoja wao hasikii neno na anakimbilia barabara ya malori, hakuchagua kamba kwa ukatili. Alichagua kamba kwa sababu ana mikono miwili tu. Tunaandika kwa sababu ipo njia nyingine, inayojulikana na iliyojaribiwa, na sehemu kubwa ya njia hiyo haidai fedha. Inadai macho, daftari, na wiki kadhaa za kujizuia.

TABIA NI MANENO

Mtoto mchanga akilia hatumwiti mkorofi. Tunajiuliza: ana njaa, amejikojolea, anaumwa, anataka kubebwa? Kilio ndiyo lugha aliyo nayo. Sasa mfikirie kijana au mtu mzima ambaye akili yake ilichelewa kukua, au aliyezaliwa kiziwi na hakufundishwa lugha ya ishara, au mwenye usonji, au ambaye ubongo wake uliharibiwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingi amebaki na lugha hiyohiyo ya mwili. Tofauti ni kwamba mkono wake sasa una nguvu, na kilio chake hakimhurumishi mtu. Akipiga, akiuma, akijitupa chini, kuna jambo anasema. Kazi yetu ni kulisoma jambo hilo, kisha kumpa njia nyingine ya kulisema.

Wataalamu wanaiita njia hii msaada chanya wa tabia. Ilikuzwa sana Marekani. Huko nako fimbo zilikuwepo, tena za kisasa: mpaka miaka ya 1980, katika taasisi nyingi walimofungiwa watu wenye ulemavu wa akili, mtu aliyejiumiza aliadhibiwa kwa mshtuko wa umeme, kwa maji baridi ya kurushiwa usoni, au kwa harufu kali ya amonia puani. Baadhi ya wazazi na walimu walikataa. Mwaka 1985 watafiti wawili, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha kazi yao juu ya watoto wenye ulemavu waliokuwa wakivuruga darasa. Waliona kwamba fujo nyingine zilikuja pale kazi ilipokuwa ngumu, na nyingine pale mwalimu alipoacha kumwangalia mtoto. Penye kazi ngumu, mtoto alifundishwa kusema kwamba haelewi. Penye kusahauliwa, alifundishwa kuuliza kama anafanya vizuri. Fujo zikapungua. Mwaka 1997 sheria ya Marekani ya elimu ya wenye ulemavu iliitaja njia hii waziwazi. Ninaeleza habari hii kwa sababu wapo wazee wanaotuambia kuwa haya ni mambo ya watu wasiojua kuadhibu. Walijua sana kuadhibu. Ndiyo maana walianza kutafuta kitu kingine.

KWANZA MWILI

Kabla ya kuzungumza tabia, mtazameni mwili. Mtu asiyesema hawezi kukuambia kwamba sikio linauma. Atajigonga upande huo wa kichwa. Jino lililooza linaweza kumfanya aume mkono wake au akatae chakula kigumu. Choo kikikauka kwa siku tano, anaweza kupiga kila anayemkaribia. Minyoo, malaria, kiungulia, hedhi yenye maumivu kwa wasichana, kukosa usingizi, na njaa: yote hayo yanatoka kwa sura ya "ukorofi". Tangu 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa mara kadhaa, na sisi wahudumu tumeona wazi kwamba mwisho wa mwezi, unga unapokwisha, ndipo tunaitwa zaidi kwenye nyumba hizi. Usimfundishe tabia mtu mwenye njaa.

Kifafa nacho kinastahili neno lake. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia. Baada ya kuanguka, mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa dakika nyingi, akasukuma watu au akatembea ovyo. Hapo hana kosa na hakuna cha kumfundisha, mwacheni apumzike mahali salama. Tena, dawa ya fenobabito, ambayo vituo vingi vya afya hutoa, inawafanya watoto fulani wasitulie na wawe na hasira. Ukiona tabia imeharibika tangu dawa ianze, rudi kwa muuguzi ukamweleze. Anaweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Ila usiiache dawa ya kifafa ghafla kwa uamuzi wako. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na mtu akafa. Kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kwanza. Kikishindwa, kitakuandikia kwenda hospitali, iwe Bwera, Kagando au Kilembe.

Na jambo hili tunaliandika bila kuzungukazunguka. Kama tabia ya msichana au mvulana imebadilika ghafla, tuseme alikuwa mtulivu na sasa anapiga kelele akimwona mtu fulani, au hataki kuoga, au amerudia kukojoa kitandani, usiseme haraka kuwa ni pepo. Huenda ameumizwa, huenda amebakwa. Watu wabaya wanawachagua wale wasioweza kusimulia. Mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kwisha, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifai ikichelewa zaidi ya hapo. Mfikishie pia mhudumu wa ulinzi. Usimwogeshe wala usifue nguo zake kabla ya kwenda.

DAFTARI LA MISTARI MITATU

Mwili ukiwa umetazamwa na tabia bado ipo, chukua daftari la shule, gawa ukurasa kwa mistari mitatu. Wa kwanza andika: nini kilitangulia? Wa pili: alifanya nini hasa? Wa tatu: nini kilifuata, yaani ninyi mlifanya nini na yeye alipata nini? Weka na saa. Asiyejua kuandika amtumie mtoto anayesoma shule, au aweke punje za maharage kwenye vikopo viwili, cha asubuhi na cha jioni. Endelea siku saba.

Usiandike "alikuwa mbaya". Andika "alimpiga Dada mgongoni kwa mkono mara mbili". Neno "mbaya" halimsaidii mtu kufikiri.

Nitaeleza nyumba moja, kwa ruhusa ya mama mwenyewe na bila jina. Kijana ana miaka 13, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo upande wa Beni, na tangu hapo hasemi. Mama alituambia kwamba kijana anampiga dada yake mdogo "saa zote, bila sababu". Daftari la wiki moja likaonyesha mara 11. Kati ya hizo 11, mara nane zilikuwa jioni, mama akiwa anapika na yule mdogo amekaa karibu naye. Mstari wa tatu ulikuwa unafanana kila siku: mama anaacha sufuria, anamvuta kijana, anamgombeza, halafu anamkalisha pembeni yake ili amwone vizuri asirudie.

Soma tena mstari huo wa tatu. Kijana anapiga, anapata kukaa na mama. Mchana kutwa mama hayupo, yuko kwenye kibarua. Jioni akirudi, nafasi ya karibu na moto ni ya mdogo. Hakuna njia nyingine ya kuipata nafasi hiyo ila moja, na njia hiyo haijawahi kumwangusha. Kugombezwa hakumuumizi, kwake ni mazungumzo.

Karibu kila tabia inayosumbua inaangukia katika mambo manne. Mtu anataka watu wamwangalie, kama kijana huyu. Au anataka kitu: chakula, redio, kutoka nje. Au anataka kukimbia jambo: kelele, kazi ngumu, foleni, mtu. Au mwili wenyewe unatafuta raha au unafuu, kama yule anayejitikisa mbele na nyuma au kupiga makofi masikioni. Tabia ileile inaweza kuwa na sababu tofauti kwa watu wawili. Ndiyo maana ushauri wa jirani, "wangu nilimfanyia hivi akaacha", mara nyingine haufanyi kazi, na si kwa sababu jirani ni mwongo.

KUBADILI KINACHOTANGULIA

Watu wengi wanataka kujua wafanye nini baada ya tabia. Kazi kubwa iko kabla.

Kwa kijana yule, mama alibadili jioni yake. Kabla ya kuwasha moto, anamwita kijana, anamsalimu, anakaa naye kidogo. Kisha anampa kigoda chake mwenyewe, upande wa pili wa mama, mbali kidogo na jiko, na kazi: kuchambua maharage, au kuchambua majani ya sombe kutoka kwenye vijiti vyake. Hafanyi vizuri sana. Hakuna aliyesema lazima afanye vizuri. Pamoja na hayo akafundishwa ishara moja, kumgusa mama begani. Dada mkubwa alimshika mkono na kumwongoza kufanya hivyo mara nyingi, na kila alipogusa, mama aligeuka palepale na kumjibu. Hapo usicheleweshe. Ikiwa ishara mpya inajibiwa baada ya dakika tano na ngumi inajibiwa mara moja, atachagua ngumi, na wewe ungechagua hivyo.

Akipiga je? Mama anamwendea mdogo kwanza, anampoza, anamhamishia upande mwingine, bila kelele na bila hotuba. Kijana hapati kugombezwa wala kukalishwa. Akitulia tu kidogo, anaongozwa mkono kugusa bega, na anajibiwa.

Wiki ya kwanza mambo yaliharibika zaidi. Alipiga kwa nguvu na mara nyingi. Tulikuwa tumemwambia mama mapema, la sivyo angekata tamaa. Mtu ambaye mlango wake umezoea kufunguka akisukuma, siku mlango ukigoma atausukuma kwa bega kabla ya kuondoka. Ukikubali siku hiyo, umemfundisha kusukuma kwa bega. Kwa hiyo muda huo mdogo alindwe sana, ikiwezekana ale kwa jirani. Baada ya wiki sita hivi, kupiga kulibaki mara moja au mbili kwa wiki, hasa siku mama anapoumwa au jioni isiyo na chakula. Kumekwisha kabisa? Hapana. Kamba haiko tena, na mdogo halali na hofu.

Nyumba nyingine, msichana wa miaka 16 alikuwa akivua nguo kila siku mchana. Familia inatoka Lubero, nchi ya milima na baridi. Kasese ni bonde na joto lake mnalijua. Walikuwa wanamvika sweta nzito la mtumba kwa sababu ndilo alilopenda zamani, na ndani yake blauzi ya nailoni yenye mshono mgumu shingoni. Wachungaji wawili walikwisha kumwombea. Daftari lilionyesha saa sita hadi saa tisa tu, wala si siku ya mvua. Akapewa gauni pana la pamba, anaoga saa sita, na kitenge kiko karibu. Lilikwisha hapo. Si kila jambo linakuwa rahisi hivi, lakini ni aibu kufunga mtu kwa ajili ya sweta.

Kuhusu foleni. Anayejitupa chini kwenye foleni ya mgao au ya bomba mara nyingi anakimbia jua, msongamano na kutojua foleni itakwisha lini. Mtu asiyeelewa maneno hawezi kuelezwa "bado kidogo". Mwonyeshe kwa vitu. Kikombe maana yake tunakwenda kula. Kifuniko cha kidumu, tunakwenda kuchota maji. Kipande cha mkeka, tunakwenda kulala. Mpe kitu hicho mkononi kabla ya kuanza safari, kila siku kitu kilekile, naye baada ya muda atajua kinachokuja. Hofu ikipungua, fujo hupungua. Mfundishe pia ishara ya "nipumzike", na akiionyesha, mtoe kivulini kwa muda. Zaidi ya yote, hakikisha mtu wako ameandikishwa kama mwenye mahitaji maalum, na uliza kama jirani unayemwamini anaweza kukuchukulia mgao wako. Hiyo si hisani. Iombe kwa sauti ya kawaida, na ukikataliwa, njoo kwetu na jina la kituo na tarehe.

"SI MNAMHONGA?"

Swali hili linaulizwa katika kila mkutano, mara nyingi na akina baba. Jibu letu: rushwa hutolewa katikati ya ubaya ili ubaya ukome. Mtoto anapiga kelele, unampa mandazi anyamaze. Hapo ndipo umemhonga, na kesho atakuuzia kelele kwa bei ya juu. Sisi tunasema mpe kabla hajapiga kelele, pale alipokaa vizuri hata kwa dakika mbili. Sisi sote tunafanya kazi hivyo. Mwenye shamba asiyelipa vibarua hawaoni tena kesho yake.

Vitabu vingine vinasema mpe biskuti. Vimeandikwa kwa ajili ya nyumba zenye kabati. Kwetu tafuta kitu ambacho mtu huyu anakipenda na hakiishi: wimbo, kupigwa makofi, kubeba redio, kutembea mpaka njia panda na baba, kusukuma baiskeli, kusalimiwa kwa jina na mwenyekiti. Kijana mmoja wa hapa Bwera anapenda kupigishwa mkono kama wakubwa kuliko kitu chochote. Hakigharimu senti.

FIMBO NA KAMBA ZINAFANYA NINI

Fimbo inanyamazisha leo. Hilo ni kweli na ndiyo sababu inapendwa. Lakini mtu ambaye akili yake iko polepole anashindwa kuunganisha kipigo na kosa la nusu saa iliyopita. Anachounganisha ni kipigo na uso wako. Atajificha akikuona, au atampiga aliye mdogo kuliko yeye kama alivyofundishwa. Na anapokua, siku moja atakuwa na nguvu kuliko wewe, na fimbo itakuwa imekwisha kazi.

Kamba ina ubaya wake tofauti. Tumeona vidonda vya kifundo cha mguu vinavyofika kwenye mfupa, na misuli iliyonywea kwa kukaa mahali pamoja. Kubwa kuliko hayo: nyumba ya turubai au ya nyasi ikishika moto inateketea kabla hujafika na ndoo, na aliyefungwa hawezi kukimbia. Maji nayo. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukabeba nyumba na watu upande wa Kilembe na Kasese. Mto Lhubiriha nao tunaujua. Mwenye miguu huru ana nafasi ya kupanda mlima.

Sheria nayo ipo. Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha katika ibara ya 24, na katika ibara ya 35 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao. Uganda iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006. Kongo nayo ilijiunga mwaka 2015. Ipo sheria ya Uganda ya watu wenye ulemavu ya 2020. Katika shule, kuchapa watoto kumekatazwa kwa sheria tangu 2016, na mwalimu hawezi kusema kwamba wa kwako haelewi mpaka achapwe.

Kuhusu maombi. Wengi wetu ni watu wa kanisa au wa msikiti na hatutaki kugombana na viongozi wetu. Mwombeeni mgonjwa, ni vyema. Lakini nyumba ya maombi ikimfunga minyororo, ikimnyima chakula akafunge bila yeye kuamua, au ikamwambia aache dawa ya kifafa, mwondoeni hapo.

USIKU, NA WATU WENYE SILAHA

Wakati wa usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapa Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tangu hapo ulinzi uliongezwa, na kila mtu anayetembea gizani anaulizwa. Sasa fikiri juu ya mtu kiziwi anayesimamishwa kwa sauti nyuma yake. Au mtu mwenye ulemavu wa akili anayekimbia akiona tochi. Kwake ni hofu. Kwa mlinzi ni mtu anayetoroka. Hapa kutangatanga si suala la aibu tena, ni suala la uhai.

Kwa hiyo mtu wenu anayetembea usiku, fanyeni haya mchana. Mpelekeni kwa mwenyekiti wa LC1, kwa walinzi wa kijiji na kwenye kizuizi cha karibu, mwonyesheni uso wake, elezeni jinsi anavyofanya akiogopa. Mvalisheni kadi ya plastiki shingoni au kitambaa kilichoshonwa ndani ya shati chenye mahali anapoishi. Mlangoni ning'inizeni kikopo chenye mawe ili mlango ukifunguka kilie. Na mtafute anachokifuata huko nje. Mtu mzima mmoja, baba wa makamo, alikuwa akienda kila usiku upande wa mpaka. Tulipokaa naye vizuri tuligundua kwamba usiku ndio waliokimbia kwao, na akisikia mlio wowote mkubwa, hata gurudumu la lori kupasuka, anaanza safari upya. Sasa mdogo wake analala karibu naye na kumshika mkono mlio ukija. Anaamka, anakaa, wanazungumza, analala.

Huyo ni mtu mzima, na aitwe hivyo. Ukimwita "mtoto" mwanamume wa miaka 40 kwa sababu hawezi kuhesabu, usishangae akikukasirikia. Mwiteni kaka, baba mdogo, shemeji, kama undugu wenu ulivyo. Maneno kama "kichaa" na "zezeta" yanasikika na kueleweka kuliko mnavyodhani.

HASIRA IKIPANDA

Mambo yakilipuka, si saa ya kufundisha. Ondoa watoto na sufuria ya moto. Simama pembeni yake kwa umbali wa mkono au zaidi, si mbele uso kwa uso. Sema maneno machache, kwa sauti ya chini, au nyamaza. Mtu mmoja tu aongee. Kundi la majirani kumi wanaoshauri linamzidishia. Kama ni lazima kumshika ili asijiumize au asiingie barabarani, mshike kwa muda mfupi, usimlalishe kifudifudi wala kumkalia mgongoni au kifuani. Watu wamekufa kwa kukosa pumzi namna hiyo. Akitulia, mpe maji. Maswali ya "kwa nini umefanya" yasubiri, na kwa wengi yasiulizwe kabisa.

MLEZI NAYE NI MTU

Hakuna kati ya haya kinachowezekana kwa mama mmoja aliyechoka. Upande wa Bwera familia sita zimepanga zamu: kila alasiri nyumba moja inawapokea watoto wawili au watatu kwa saa moja na nusu, na wazazi wengine wanapata kufua, kwenda kibarua au kulala. Waliokuwa wenyeji wa hapa, Wakonzo, wameingia pia, maana lugha yao na Kinande ni ndugu na watoto wao wenye ulemavu wana shida zilezile. Tunapenda zamu hizi kuliko semina. Semina inakwisha na soda.

Dada na kaka za mwenye ulemavu msiwasahau. Ndio wanaopigwa, ndio wanaotumwa kumtafuta, na mara nyingi ndio wanaokosa shule kwa ajili yake. Wapeni siku yao.

Madaftari na kalamu zinapatikana bure kwenye meza ya huduma za jamii Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Ukimaliza siku saba, lete daftari lako, hata kama mwandiko ni mbaya na kurasa zimelowa; tutakaa nalo pamoja na kutafuta mstari unaojirudia. Asiyeweza kuacha nyumba atume mtoto aseme tu "njooni", nasi tutakuja. Kuhusu anayefungwa kwa sasa: msingoje siku hizo saba. Tuiteni leo, tuanze na uzio na zamu ya majirani, daftari lifuate.